Milango Minne ya Marajan

Rajabu,

Nakuandikia mchana, wewe ukiwa Onduparaka unaaga wenzako wa mpira. Nimefunga mlango ili jirani asiingie akaniuliza nalia nini. Silii. Nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo usikae kusoma ukidhani mama amekaa kukubembeleza. Ukirudi nitakupa karatasi hizi mkononi. Uzisome leo, kabla gari la Marajan, baba yako mdogo, halijaja kukuchukua kesho.

Sitakuambia ule nini Kampala, wala uogope barabara gani, wala ufue nguo lini. Una ndevu. Kama hujui kufua nguo mpaka leo, barua haitakufundisha.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilonitupia juzi jikoni. Nilikuambia sitaki uende kwa Marajan, nawe ukaweka sahani chini kwa kishindo ukasema, "Mama, gari ilipita tu. Haboba mwenyewe alisema baba mdogo hakuona sisi. Kwa nini wewe iko na roho ya chuki hivi?"

Kisha ukatoka. Mimi nikabaki na mwiko mkononi, na jibu nililolifungia tangu ukiwa mgongoni mwangu. Leo nalitoa. Haboba, bibi yako, amekufa, na ahadi niliyompa nimeitimiza muda wote aliokuwa hai na miaka mingi baadaye. Yatosha.

Unajua kwamba mwaka ule wa sabini na tisa tulikuwa tunakaa Koboko. Baba yako Juma alikuwa jeshini mbali, na tangu pale hakurudi, wala hakuna aliyeniletea hata mkanda wake nikasema huyu amezikwa mahali fulani. Nyumbani tulibaki mimi, wewe, na Haboba, mama yake baba yako. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba kama mtungi. Kutoka kitandani mpaka chooni alinishika bega.

Marajan, mdogo wake baba yako, alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Ni yeye tu katika ukoo aliyekuwa na gari, gari la rangi ya maziwa, milango minne. Habari zilipokuja kwamba askari wanarudi nyuma na waliowashinda wanakuja, alifika nyumbani akamwambia mama yake, akiwa amemshika mkono: "Mama, kaa tayari. Nakuja kuchukua nyinyi, tunaenda Sudan pamoja."

Tukakaa tayari. Nilimvisha Haboba gauni lake zuri. Nilifunga sufuria, blanketi na nepi zako katika shuka. Asubuhi ikaisha. Majirani wakapita, wa kwanza na mizigo, wa mwisho bila mizigo. Mchana nikaona Haboba hanitazami tena usoni, anatazama njia tu, nikajua hata yeye ameelewa. Nikakufunga mgongoni, nikamshika, tukatoka wenyewe mpaka barabara kubwa.

Barabara ilikuwa imejaa malori ya jeshi, baiskeli, ng'ombe, watoto wanaoita mama zao. Lori moja lilikuwa limeharibika katikati, na nyuma yake magari yamesimama yote. Katika yale magari nikaliona la rangi ya maziwa.

Nilifurahi, Rajabu. Uandike hilo moyoni, kwamba nilifurahi. Nilidhani msongamano ndio uliomchelewesha. Nikamwambia Haboba, "Tazama, mtoto wako yuko pale." Tukaenda mbio, yaani yeye akaburuta mguu na mimi nikamburuta yeye. Nikafika nikagonga kioo cha dereva.

Marajan aligeuka. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kama karatasi hii ilivyo karibu na wewe. Aliniona mimi. Akamwona mama yake, aliyekuwa ameegemea boneti ili apumue. Kisha akafunga.

Sasa sikiliza vizuri, wewe fundi wa milango. Gari lile halikuwa na senta loki, hiyo ya kufunga milango yote kwa mara moja. Kila mlango ulikuwa na kipini chake kidogo kando ya kioo, na kila kimoja kinataka mkono wake. Alibonyeza cha kwake. Akasema neno kwa mke wake, mke naye, amewapakata watoto wao, akabonyeza cha upande wake bila kutugeukia. Marajan akapeleka mkono nyuma akabonyeza cha nyuma yake. Kikabaki cha nne, kule upande wa mbali, na hakukifikia, maana kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa marobota ya nguo, redio na cherehani. Alipiga magoti juu ya kiti chake. Akalala na tumbo lake juu ya cherehani, akajinyoosha mpaka shati likatoka kwenye suruali, akakifikia.

Mtu akifanya jambo kwa ghafla kwa woga, nitamwachia. Huyu alipata muda. Alipata muda wa kupiga magoti.

Nikapiga kioo kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Nikamwambia, "Mimi acha, mtoto acha, chukua mama yako." Yeye akashika usukani akatazama mbele. Lile lori bovu lilipovutwa pembeni, gari likaenda, na Haboba, kwa kuwa alikuwa ameegemea boneti, akaanguka.

Nilipomwinua, uso wake ulikuwa na mchanga. Jambo la kwanza alilosema ni, "Hakuona sisi. Vumbi ilikuwa mingi."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Saida, vumbi ilikuwa mingi. Wewe utaambia mtoto hivyo."

Nikasema nitamwambia hivyo.

Hatukwenda Sudan. Tulikata njia za mashamba kuelekea Kongo, na karibu na Lobule Haboba akakaa chini akasema niende na wewe, nimwache. Pale akaja mwanaume mmoja na baiskeli, mkulima, ana gunia la mihogo kwenye kiti cha nyuma. Aliuliza kwa Kikakwa, nami Kikakwa changu ni cha kubahatisha, lakini mguu wa Haboba haukuhitaji tafsiri. Alishusha mihogo yake, akaificha kwenye majani, akampandisha Haboba. Akasukuma baiskeli ile mpaka mpakani. Njiani sikumsikia akilalamika ila mara moja, mnyororo ulipochomoka. Jina lake alinitajia, na kwa uchovu na woga nikalisahau kabla hatujafika. Limenikera mpaka leo. Jina la Marajan sijalisahau hata siku moja, na la yule sinalo.

Ndivyo tulivyofika. Maisha ya kule unayakumbuka mwenyewe, na Haboba unamkumbuka, jinsi alivyokuweka kwenye goti lake zima na kukuambia kwamba una baba mdogo tajiri Sudan, ana gari, siku moja atakuja. Mimi nilikuwa nasikia nikiwa nakaanga mihogo ya kuuza. Nilinyamaza kwa sababu hadithi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha kuliko mihogo yangu. Alikufa akiwa bado anaisema. Hakuja mtu.

Tukarudi, tukakaa Arua. Wewe ukajifunza umeme wa magari, na unajua, sikusema uongo kwa wateja wangu sokoni nilipojisifu kwamba mwanangu akigusa taa zilizokufa zinawaka. Ndipo Marajan naye akatokea, ana kitambi, ana duka la vipuri Kampala, ana gari la bluu kutoka Dubai. Alishuka pale mlangoni akalia. Alikukumbatia, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni mtoto wangu." Ukakubali upesi sana. Nilimpikia chai. Sukari niliweka kama ya mgeni yeyote. Hakutaja barabara, nami sikutaja.

Baadaye akaja na lile boksi. Unakumbuka ulivyolifungua kwenye mkeka kama mtoto siku ya Idi: mota nne ndogo, kisanduku cheusi, nyaya za rangi zote. Yeye akasimama juu yako anaeleza kama vile ni yeye aliyeitengeneza. "Shemeji, tazama hii. Wewe nafunga mlango moja tu ya dereva, zote nne zinajifunga zenyewe. Hakuna kusumbuka. Iko wezi mingi Kampala."

Nilimuuliza, "Hakuna kujinyoosha tena?"

Akanitazama. Akasema, "Hapana, shemeji. Hakuna." Kisha akajifanya anatafuta bisibisi.

Wewe hukuona kitu. Ulikuwa umeshatoa mikono ya kuzungushia vioo, umeng'oa kava za milango, umelala na kichwa ndani ya mlango unatoboa bati. Mimi nilikaa chini ya mwarobaini nikisuka kifuniko changu cha sinia, nikakutazama ukipitisha nyaya kwenye mpira kati ya mlango na mwili wa gari, moja moja, kwa subira ambayo baba yako pia alikuwa nayo. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba ilikuwa nzuri, na ilikuwa yake.

Mchana ulisema kisanduku kinakwama, kuna rilei, swichi ndogo ya ndani, haiachii, unakwenda sokoni kutafuta nyingine. Ulimwambia, "Baba mdogo, usijaribu mpaka nirudi." Kisha ukanionyesha mimi betri. Boneti ilikuwa wazi. "Mama, kama kitu inakataa, wewe toa hii waya hapa tu. Moto yote inalala, milango inaachia." Uliniambia mimi na si yeye kwa sababu yeye alikuwa ameshaingia kwenye gari kutafuta stesheni ya redio, mlango wazi, anatusikia nusu nusu.

Hukufika hata kona.

Alivuta mlango. Akabonyeza kipini. Vipini vyote vinne vikashuka pamoja, tak, na akacheka peke yake ndani kama mtoto. Akavuta kipini juu, kikapanda kidogo kikarudi chini. Akavuta tena, mota zikanguruma ndani ya milango yote, zikavirudisha chini. Akahamia upande wa pili. Akajaribu wa nyuma. Vioo vilikuwa juu, wewe uliviacha juu ili upate nafasi ya kutoboa, na mikono ya kuvishushia ilikuwa hapa kwenye mkeka, karibu na mguu wangu. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati lile la bluu.

Akapiga honi. Jirani wakadhani mnajaribu nyaya. Akagonga kioo. "Shemeji! Shemeji, hii kitu imefunga mimi!"

Niliinuka. Nilikwenda polepole, sikufanya haraka, sitakudanganya. Nilisimama kwenye kioo cha dereva. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye nyusi.

"Waya," akasema, anaonyesha mbele. "Toa waya. Rajabu amesema."

Nikamwambia, "Marajan, siku ile ya Koboko, uliona sisi?"

"Shemeji, joto."

"Uliona sisi?"

Akaanza kusema gari lilikuwa limejaa. Akasema mke wake alikuwa analia. Akasema ilikuwa zamani. Akaapa kwa Mungu atanijengea nyumba ya bati. Mimi nilisimama tu. Aliinua kiwiko kuvunja kioo, akakitazama kioo chake kizuri, akakishusha kiwiko. Hata pale, Rajabu, alipigia hesabu kioo.

Mwisho akaweka paji la uso kwenye kioo. Akasema, "Mi niliona nyinyi."

"Na mama yako?"

"Na mama. Niliona yeye." Sasa alikuwa analia kweli, si kama kule mlangoni siku ya kukukumbatia. "Ningefungua mlango moja tu, shemeji, watu yote ya barabara wangeingia. Yote! Wangetoa watoto yangu nje. Nilikuwa naogopa."

"Mama yako haikuwa watu yote," nikamwambia.

Ningeweza kumwacha zaidi. Nilitaka. Nilikwenda kwenye betri nikaupinda ule waya mpaka ukatoka, ukaniunguza kidole kwa cheche, na milango ikaachia. Aliteremka akakaa chini ya mwarobaini. Nikamletea maji, kwa sababu sikutaka afie kwangu. Akanywa yote bila kunitazama.

Ukarudi na rilei yako. Ukaona shati lake limelowa, ukacheka. "Baba mdogo, gari imekuosha?" Naye akacheka, akasema, "Inafunga kabisa. Wewe ni fundi." Nilikuwa nimesimama hapo na kidole changu mdomoni, na nyinyi wawili mnacheka.

Hukujua, basi huna kosa. Lakini nilikuchukia kidogo kwa kicheko kile, na nakuambia ili ujue mama yako hakuumbwa kwa sukari.

Kabla jua halijazama akakuambia anakuchukua Kampala, atakufungulia banda mbele ya duka lake, ufunge senta loki kwenye magari ya wakubwa. Nimekaa na jambo hili tangu hapo, sijui ni nini. Labda anataka kulipa. Labda anataka kuninyang'anya mtu pekee niliyebaki naye, ili siku moja nikigonga tena uwe upande wake. Labda yote mawili, na yeye mwenyewe hajui lipi ni kubwa. Nimemchunguza usoni na sijapata jibu, na sitajifanya nimelipata.

Nenda. Sikuzuii. Arua hii haina magari ya kukutosha, najua, na sitakufanya uoze hapa kwa sababu ya mguu wa Haboba. Nilifikiri jana nikuambie uchague, mimi au yeye. Nimeona huo ni mtego wa mtu mwoga, na waoga katika ukoo huu wametosha. Lakini utakwenda ukijua. Akikuambia umwite baba, utamjibu unavyotaka, ila utajua unamwita nani. Akiwa mwema kwako, na huenda akawa, pokea, usijilazimishe kumchukia kwa niaba yangu. Mimi nimeifanya kazi hiyo vizuri bila msaada. Na akikuacha njiani siku moja, usishangae, wala usiseme vumbi ilikuwa mingi.

Mimi nimeisema hiyo ya vumbi mara nyingi sana. Ulipoumwa ukiniuliza kwa nini baba mdogo haji, nilisema. Wanawake wa sokoni waliponiuliza, nilisema. Neno la kumstahi mzee likawa ukuta wa kumficha mtoto wake, na wewe ukakua nyuma ya ukuta ule ukidhani upande wa pili kuna mtu mkubwa. Nikamwona Haboba anakufa akiwa anamtetea. Kumtunzia mtu heshima ambayo yeye mwenyewe ameitupa barabarani kunachosha kuliko kubeba mgonjwa. Nimeutua mzigo huo leo. Ukiona maandishi yangu yamekandamiza karatasi, ndiyo sababu.

Jambo moja tu limebaki. Tangu amerudi amekula kwangu, amelia kwangu, amefungiwa na kufunguliwa kwangu. Ameuliza bei ya viwanja Koboko. Ameuliza nani bado anaishi na nani amekufa. Hajauliza hata siku moja mama yake amelala wapi.

Wewe unapajua. Ulilifuata jeneza ukiwa mdogo. Huenda siku moja, mko wawili dukani, amefunga hesabu, akakuuliza kwa sauti ya chini. Usimwambie. Si kwako kumwambia. Mwambie aje aniulize mimi, kwa mdomo wake, hapa mlangoni kwangu.

Akija, nitampeleka.

Mama yako,
Saida